Kunguni mu kitanda cha muchimbaji: tumia maji ya moto na salongo, acha sumu ya shamba

Mutu akirudi kutoka kariere, vitu vya kwanza vyenye vinaingia mu nyumba ni saki na bulangeti yake. Bibi anafurahi, watoto wanakimbilia kuona baba amewaletea nini. Saki inatupwa juu ya kitanda, mazungumuzo yanaanza. Usiku ule hakuna kitu kinaonekana. Lakini nyuma ya wiki mbili tatu watoto wanaamuka wakijikuna, na alama nyekundu zimejipanga ku mikono na ku shingo kama vile mutu alizishona na sindano. Hapo njo tunajua kwamba mu ile saki mulikuwa kunguni.

Kati ya Kasongo na Kabambare habari hii haishangazi mutu. Watu wa Wamaza wanatembea sana. Wengine wako ku dhahabu ya Salamabila, wengine wanaenda mpaka Misisi kwa upande wa Fizi, wengine Kampene, wengine wanachimba kasiterite na koltani karibu na migini yetu. Kila safari maana yake ni kulala mu kibanda chenye watu wengi walilala mbele yako. Kunguni haruki, na hana mabawa. Ni sisi wenyewe tunamubeba.

Kunguni peke yake haui mutu. Mpaka leo haijaonekana kwamba anapeleka malaria ao ukimwi kutoka mutu mumoja kwenda kwa mwingine. Lakini juu ya kumufukuza, watu wengi wanaingiza mu nyumba mambo mawili yenye yanaua kweli: sumu ya shamba yenye wananyunyizia ku kitanda cha mutoto, na kuondoa mustikere juu eti njo inaleta kunguni. Tunaandika leo juu ya mambo hayo mawili, na juu ya njia yenye kufaa, yenye haiombi feza nyingi.

Haya ya bure

Tuanze na haya, juu haya njo inafanya kunguni wazae kwa amani. Mama akiwaona anaogopa kusema, jirani watamuita muchafu. Baba akijikuna mu kambi ananyamaza, wenzake wasimufukuze ku kibanda. Na mu nyumba zingine ugomvi unaanza kati ya bwana na bibi: nani aliwaleta?

Kunguni hatafuti uchafu. Anatafuta damu, joto la mwili na pumzi yenye tunatoa tukilala. Mu mwaka 2023 muji wa Paris muzima ulikuwa mu makelele juu ya kunguni: ku masinema, ku matreni, mu manyumba ya watu wenye feza. Mwaka ule ule ofisi ya serikali ya Ufaransa yenye kuchunguza mambo ya afya, ANSES, ilitangaza kwamba kati ya mwaka 2017 na 2022 nyumba 11 mu kila nyumba 100 za Ufaransa zilipata kunguni. Ni karibu nyumba moja mu kila tisa, kwa watu wenye mashine ya kufua na maji ya bomba. Kwa hiyo mama wa Wamaza hana sababu ya kuinamisha kichwa. Nyumba yenye vitu vingi vilivyorundikana inamupa kunguni mahali pengi pa kujificha, ni kweli, lakini si uchafu njo unamuzaa. Mwenye kusema mapema anasaidia avenue yake yote.

Namna kunguni anaishi

Mwenye kutaka kumushinda adui, inafaa ajue njia zake. Kunguni mukubwa ana rangi ya kahawia yenye kwenda ku nyekundu, amepapasika kama mbegu, urefu wake ni milimita 5 hivi. Akishakula anavimba na kuwa mwekundu zaidi. Muchana anajificha mu matundu ya mbao ya kitanda, mu mishono ya matela, mu kirago, mu nyufa za ukuta wa potopoto, nyuma ya kalenda na picha. Kwa kawaida haendi mbali: anabaki karibu na mahali mutu analala, mita moja ao mbili. Usiku, zaidi ile saa usingizi ni muzito mbele ya mapambazuko, anatoka, anakula dakika tano mpaka kumi, anarudi mu tundu lake.

Jike anataga yai moja mpaka tano kwa siku, na mu maisha yake anaweza kupitisha mayai 200. Yai ni jeupe, dogo kama milimita 1, na limeshikama ku mbao kama limepakwa gundi. Mu joto kama la kwetu linapasuka nyuma ya wiki moja hivi. Mutoto wa kunguni anabadilisha ngozi mara tano, na kila mara inafaa kwanza anywe damu. Nyuma ya wiki tano ao sita, yeye pia anaanza kutaga.

Mu hesabu hii muko mafundisho mawili. La kwanza: mwenye kuua wakubwa leo na kuacha mayai, nyuma ya wiki moja ataona wengine wapya. Njo maana kazi ya siku moja haitoshi. La pili: kunguni mukubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Kuhama nyumba wiki mbili na kurudi hakumuui. Atakungoja.

Si kila mududu wa usiku ni kunguni

Hapa wasomaji wetu wa Kasongo wasikilize vizuri, juu habari hii ni ya kwao. Mu manyumba ya udongo muko mududu mwingine mwenye kuuma usiku na kujificha muchana: papasi, mwenye wengi wanaita kimputu. Kunguni ana miguu sita. Papasi mukubwa ana miguu minane, rangi yake ni ya udongo, anafanana na kafuko kadogo ka ngozi, na anapenda kujificha mu mavumbi ya chini na mu nyufa za ukuta karibu na chini.

Tofauti hii ni kubwa, juu papasi analeta ugonjwa: homa yenye kurudia. Mutu anapata homa kali na kichwa kuuma siku kadhaa, kisha inaisha, anafikiri amepona, anarudi ku shimo. Nyuma ya wiki moja hivi, homa inarudi. Inaisha tena, inarudi tena. Waganga wawili wa shule ya magonjwa ya inchi za joto ya Liverpool, kule Uingereza, walikuja kuchunguza homa hii mu inchi yetu wakati ilikuwa ingali État Indépendant du Congo. Majina yao ni Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd. Walionyesha kwamba papasi njo anapeleka vijidudu vya ile homa. Wote wawili waliugua. Todd alipona. Dutton alikufa papa hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Kijidudu cha ile homa kinabeba jina lake mpaka leo: Borrelia duttonii.

Leo homa hii iko na dawa ku hospitali. Kwa hiyo, kama mutu wa nyumba yako anapata homa yenye kwenda na kurudi, na alipimwa malaria bila kuonekana, asinunue tu vidonge ku soko. Aende ku kituo cha afya na amuambie munganga: "Nalala mu nyumba ya udongo, wadudu wananiuma usiku." Maneno hayo yanaweza kumuonyesha munganga njia.

Sumu ya shamba haina kazi mu chumba

Mu masoko yetu kunauzishwa dawa mu machupa madogo yasiyo na jina, zenye zilitengenezwa juu ya pamba, mboga ao akiba ya mahindi. Watu wananyunyizia matela jioni, na usiku mutoto analala pale pale. Dawa nyingi za namna ile zinashika mishipa ya mwili. Zinaingia kwa pumzi, kwa ngozi na kwa mukono wenye mutoto anatia mu kinywa.

Alama za mutu aliyepata sumu ya namna hii ni hizi: mate mengi, machozi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo sana, pumzi kuwa nzito, mwili kutetemeka. Ukiziona, mutoe mutu nje kwenye hewa, muvue nguo, muoshe ngozi na maji mengi na sabuni, umupeleke mbio ku hospitali pamoja na chupa ya ile dawa. Usimulazimishe kutapika.

Wengine wanapaka esanse ao petroli ku mbao za kitanda. Ni kweli kunguni mwenye alilowana nayo anakufa. Lakini nyumba yenye nyasi juu, na kataa yenye kuwaka ndani, haingoji mara mbili. Na kwa wandugu wa dhahabu tunaongeza neno moja juu ya zebaki, ile munaita merkire. Zamani mu Ulaya watu walipaka vitanda na sumu yenye ilitengenezwa na zebaki juu ya kunguni. Waliacha. Zebaki inaharibu ubongo na figo, na mutoto wa mu tumbo njo anaumia zaidi. Isilale mu chumba kimoja na watu, ata mu chupa yenye kufungwa.

Tena, sumu zenyewe hazina nguvu kama zamani. Wakati DDT ilitoka, watu walifikiri kunguni wamekwisha duniani. Mu mwaka 1947 tayari, mu kambi za waaskari wa Marekani kule Pearl Harbor, kunguni walionekana wenye DDT haiwaui tena. Dawa za leo zenye watu wanapulizia mu nyumba nyingi zinatoka mu jamaa moja, na kunguni wa sehemu nyingi za dunia wamezizoea. Unapuliza, wachache wanakufa, wengine wanakimbilia chumba cha pili. Kama mutu wa afya mwenye kufundishwa anakuja kupuliza dawa ya nyumba, muikubali. Chupa isiyo na jina, hapana.

Mustikere ibaki mahali pake

Tunasikia mara nyingi: "Tangu walitugawia mustikere, kunguni wameongezeka." Neno hili halikuanzia kwetu. Mu Tanzania, wakati mustikere zenye dawa zilianza, watu walifurahi juu kunguni pia walikufa. Kisha miaka ikapita. Mu mwaka 2002 watu wa sayansi walitangaza kwamba mu migini yenye ilikuwa ikitumia mustikere hizo, kunguni wamekuwa sugu, dawa yake haiwaui tena. Mustikere haikuwaleta. Iliacha tu kuwaua.

Lakini mbu bado wako, na malaria bado inaua watoto wa Maniema kila mwaka. Mwenye kutoa mustikere juu ya kunguni anabadilisha kujikuna na kaburi. Kama kunguni wamejificha ku mishono ya mustikere, itoe nje ku mwangaza, pitisha vidole mushono kwa mushono, uwatoe na uwatie mu maji ya sabuni. Kisha uifue polepole na maji ya baridi na sabuni ya kawaida, uianike mu kivuli. Usiichemshe, na usiianike ku jua kali, juu dawa yake inapotea.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Silaha ya kwanza muchimbaji iko nayo ku kichwa: toroshi yake. Amuka saa kumi ya usiku, uwashe kwa mara moja, uangalie matela, mbao, ukuta. Tafuta alama ndogo nyeusi kama wino, hiyo ni mavi yake. Tafuta maganda ya ngozi na mayai meupe. Weka alama na makala kila mahali umewaona.

Asubuhi ya siku yenye jua, toa kila kitu nje. Nguo, madra na mabulangeti vitiwe mu maji yenye kuchemka, ao vimwagiwe maji yenye kuchemka mu beseni mpaka vizame. Joto njo adui wa kunguni: maji yenye kupita digrii 60 yanaua mukubwa na yai, na dawa hakuna yenye kufanya vile kwa uhakika.

Kitanda kifunguliwe kama kinafunguka. Mimina maji yenye kuchemka polepole mu kila tundu na kila kiungo. Kitanda cha matete ao cha kamba chenye matundu mengi, kama kimejaa sana, ni heri kukichoma mbali na nyumba na kutengeneza kingine. Kirago kilichooza kiende naye.

Matela ni kazi nguvu. Jua peke yake halitoshi, juu joto halifiki katikati, na kunguni wanahamia upande wa chini. Pitisha brosi na maji ya sabuni mu mishono yote, ugeuze, urudilie. Kisha, kama munaweza, muishonee mufuko wa plastiki nguvu ao wa bashi wenye hauna tundu, na muufunge kabisa. Wenye wamebaki ndani hawatatoka tena kukula. Mufuko ubaki umefungwa mwaka muzima.

Wakati vitu viko nje, ziba nyufa za ukuta na udongo laini, kuanzia chini mpaka urefu wa mutu mwenye kusimama. Udongo hauuzishwi, na kazi hii inawafukuza papasi pia. Mwagia maji chini mbele ya kufagia, halafu uchome ile takataka.

Jioni, kitanda kisiguse ukuta. Kila muguu uwekwe mu kikopo chenye maji ya sabuni ao mafuta ya ngazi yenye kutumika. Mustikere iingizwe chini ya matela, bulangeti isifagie chini. Hivi, kunguni mwenye amebaki mu ukuta hapati daraja.

Wenye kulima maharagi wako na musaada mwingine. Mu inchi za Balkani, kule Ulaya, watu walikuwa wakitandika majani mabichi ya maharagi chini kuzunguka kitanda usiku, na asubuhi wanayachoma pamoja na kunguni. Mu mwaka 2013 watu wa sayansi wa Marekani walieleza sababu: jani hilo lina vinywele vyenye kupindika kama ndoano, vinachoma miguu ya kunguni na kumushika. Jani likikauka halishiki tena, kwa hiyo inafaa kubadilisha kila jioni. Haitoshi peke yake, lakini inapunguza.

Kisha, rudilia. Kila siku saba, toroshi, maji ya moto, sabuni, kwa miezi miwili. Yai lenye lilikuepuka wiki hii, utamukuta mutoto wake wiki ijayo mbele hajakomaa. Watu wengi wanashindwa wiki ya tatu, wakati kujikuna kumepungua na wanafikiri vita vimekwisha.

Mu kambi, kidole kimoja hakivunji chawa

Mu kambi ya kariere, kusafisha kibanda kimoja ni kupoteza maji. Kunguni watatoka ku kibanda cha jirani. Lakini tunajua salongo. Wenye kuongoza mashimo na wakubwa wa kambi wachague siku moja kwa wiki, vibanda vyote pamoja: bashi zitolewe na zimwagiwe maji ya moto, nyasi za kulalia zichomwe na zibadilishwe, miti ya vitanda iunguzwe kidogo na moto nje. Pipa moja la maji juu ya moto linatosha ekipi kumi kama kila ekipi inaleta kuni zake.

Si mambo ya raha tu. Mutu mwenye alijikuna usiku muzima anashuka mu shimo na macho mazito. Anafunga kamba vibaya, hasikii udongo wenye kuanza kuanguka, anachelewa kutoka. Usingizi ni chombo cha kazi kama vile nyundo na beleshi.

Na mutu akirudi nyumbani, saki isiingie mu chumba. Iachwe nje, itundikwe ku muti ao ku waya, mbali na ukuta. Nguo zote ziende moja kwa moja mu maji ya moto, ata zile zenye hazikuvaliwa. Baba aoge, avae nguo zenye zilibaki nyumbani, kisha njo akumbatie watoto. Mama akisema "acha saki pale", asione kama anamufukuza. Analinda usingizi wa wote.

Kwa watoto wenye wameumwa tayari: waoshwe na maji na sabuni, wakatwe makucha mafupi, juu kidonda cha kujikuna kinaoza mbio. Kama kuna usaha, ao mutoto amekuwa mweupe ku macho na kuchoka kila mara, aende ku kituo cha afya. Mutoto mudogo mwenye kunyonywa na kunguni wengi kila usiku anaweza kupungukiwa damu, na kama malaria inakuja juu yake, hali inakuwa mbaya haraka.

Wiki hii, muanze na toroshi. Angalieni kitanda cha watoto mbele ya kile cha wakubwa, na kama munaona alama, muambie jirani siku ile ile.